Riwaya za Daimu na Majarida ya Palpu ni Nini?

Riwaya za daimu ni vitabu vidogo vya hadithi vilivyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1860 kwa bei ya daimu moja, yaani sarafu ya senti kumi. Majarida ya palpu yalikuja baadaye, mwishoni mwa karne ya 19. Hayo ni majarida manene ya hadithi, yaliyochapwa kwenye karatasi duni ya rojo la mbao. Wauzaji wengi huvitia vyote kapu moja, lakini anayetaka kukusanya lazima ajue kuvitofautisha.

Riwaya ya kwanza ya daimu ilitolewa New York na kampuni ya Beadle, Juni 1860. Ni *Malaeska* ya Ann S. Stephens. Hadithi yenyewe ilikuwa imeshatoka kwenye jarida mwaka 1839, kwa hiyo jambo jipya lilikuwa bei na umbo: kitabu cha kutia mfukoni, chenye jalada la karatasi tu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka uliofuata, wanajeshi walivisoma sana kambini.

Hapo pana jambo moja la kuangalia kwa makini. Matoleo 28 ya mwanzo ya mfululizo huo yalitoka bila picha jaladani. Picha zilianza na toleo la 29, kisha yale ya awali yakachapwa upya yakiwa na picha na namba zilezile. Kwa hiyo ukiuziwa *Malaeska* yenye picha jaladani, hiyo si ya uchapaji wa kwanza, hata muuzaji akiapa.

Palpu ilianza Frank Munsey alipoligeuza jarida lake, *The Argosy*, kuwa la hadithi tupu mwaka 1896. Baadaye kila aina ya hadithi ikapata jarida lake: *Weird Tales* la mambo ya kutisha mwaka 1923, *Amazing Stories* la sayansi ya kubuni mwaka 1926. Tarzan naye alizaliwa humo, katika *The All-Story* la Oktoba 1912, toleo linalowaniwa kuliko karibu mengine yote.

Yaliyochapwa yalikuwa mengi mno, lakini yaliyobaki katika hali nzuri ni machache. Chanzo ni karatasi yenyewe. Rojo hilo lilisagwa pamoja na lignini, kitu kinachoshikamanisha nyuzi za mti, na karatasi ikatengenezwa kwa kemikali zenye asidi. Mwanga na joto vikiifikia huwa ya njano, kisha kahawia, mwisho inakauka kiasi kwamba ukikunja kona inakatika. Jalada la palpu nalo lilizidi kurasa kwa upana, kwa hiyo kingo zake ndizo zilizoanza kuchanika. Ukikuta nakala yenye kingo nzima, mgongo uliokaza na kurasa ambazo bado ni nyeupenyeupe, hiyo ni bahati kubwa. Tena vitu hivi havikununuliwa ili vitunzwe. Msomaji alimaliza, akampa jirani au akatupa.

Kwa maoni yangu, anayeanza atangulize ukamilifu kabla ya uzuri wa jalada. Ahesabu kurasa, kwa sababu nakala iliyokosa karatasi ya katikati imepoteza sehemu ya hadithi, na hadithi ndiyo iliyofanya kitu hiki kiwepo. Asizibe mchaniko kwa selotepu, maana gundi yake hupenya na kuacha doa lisilotoka. Kila nakala ikae ndani ya mfuko wa poliesta (plastiki angavu, si kitambaa) pamoja na kadibodi isiyo na asidi, mahali penye ubaridi, pakavu, pasipo na jua.

Kwa kusoma tu, hakuna haja ya kufungua nakala iliyochakaa. Vyuo vikuu vya Northern Illinois na Villanova vimeweka maelfu ya riwaya za daimu mtandaoni, bure, ukurasa kwa ukurasa.