Kwa nini kibubu huvunjwa kabla ya siku yake, lakini pesa ya mchezo hulipwa?

Mtu ni yuleyule na kipato ni kilekile. Januari amenunua kibubu kwa ajili ya ada ya mtoto, na kufika Machi ameshakipasua kwa kisu cha jikoni kwa sababu gesi iliisha na mshahara ulikuwa mbali. Lakini huyohuyo anacheza mchezo wa shilingi 50,000 kwa wiki na hajawahi kupitisha siku. Biashara ikilala atauza kuku, atakula mchicha wiki nzima, atamkopa dada yake, ila Ijumaa jioni pesa ya kijumbe, yule msimamizi anayekusanya michango, itakuwa imefika. Ukimwambia kwamba ana nidhamu ya pesa atacheka, atakuonyesha vipande vya kibubu.

Basi nidhamu ile inatoka wapi?

Kwa asiyeujua mchezo (wengine huuita upatu, na Kenya ni merigoraundi), mpango wenyewe ni huu: watu wanakubaliana kiasi na siku, kila mmoja anatoa, na jumla yote anapewa mmoja wao kwa zamu mpaka wote wapokee. Hakuna riba, na mara nyingi hakuna hata karatasi ya mkataba. Kuna daftari la kijumbe, basi.

Wengi hudhani siri yote iko kwenye hesabu. Watu kumi, kila mmoja 50,000, kila wiki mmoja anaondoka na 500,000. Kila mtu angejiwekea mwenyewe, wote wangefikisha kiasi hicho wiki ya kumi. Kwenye mchezo, wa kwanza anakipata wiki ya kwanza, wa pili ya pili, na wastani wa kundi zima unakuwa wiki tano na nusu. Hakuna aliyechelewa kuliko ambavyo angechelewa peke yake, na tisa wamewahi. Wachumi Timothy Besley, Stephen Coate na Glenn Loury waliifafanua hoja hiyo mwaka 1993, na kweli inaeleza kwa nini cherehani, friji na mabati mengi mitaani kwetu yametokana na mchezo.

Tatizo ni yule wa namba kumi. Huyu hajawahi chochote. Ametoa wiki kumi, kapokea wiki ya kumi, bila senti ya ziada, na muda wote huo amebeba hatari ya wenzake kuingia mitini. Kwa hesabu tupu alipaswa kubaki na kibubu chake. Na bado, kaa na vijumbe watakwambia wapo wanaoomba namba ya mwisho kwa hiari yao, ili pesa iwakute Desemba au Januari wakati wa ada. Kwa mtu kama huyo faida ya mchezo haiko kwenye kuwahi. Mary Kay Gugerty, aliyechunguza vikundi vya magharibi mwa Kenya na kuchapisha matokeo mwaka 2007, alikuta maelezo ambayo mama yeyote wa sokoni angempa bure: peke yako nyumbani pesa haikai, unahitaji nguvu ya wenzako.

Neno "haikai" lichukuliwe kama lilivyo. Pesa iliyo ndani ya nyumba ina wadai wengi, na ubaya ni kwamba wengi wao wana haki. Shemeji amelazwa kweli. Mtoto amerudishwa kweli kwa sababu ya mchango wa shule. Mume naye ana shughuli yake aliyoiahidi ukweni. Kumnyima mtu wa namna hiyo wakati kibubu kinaonekana juu ya kabati ni ugomvi, na binadamu hawezi kugombana kila siku kwa ajili ya lengo la mwaka kesho. Siwan Anderson na Jean-Marie Baland, waliofanya utafiti Kibera, Nairobi, na kuuchapisha mwaka 2002, waliona kwamba vikundi hivi vilijaa wanawake, na wanaoishi na waume walikuwa mstari wa mbele kujiunga. Maelezo yao ni kwamba mchezo uliwasaidia kuiondoa pesa nyumbani kabla haijapangiwa mambo mengine. Mwanamke mwenye mchezo halazimiki kusema "sina". Anasema "ipo, lakini ni ya mchezo", na mjadala unaisha. Sheria ya kikundi imemsemea jambo ambalo mdomo wake mwenyewe ungeonekana una kiburi kulisema.

Hapo mtu atasema: kumbe dawa ni kufuli! Fungia pesa mahali ambapo hata wewe huifikii. Lilijaribiwa. Mwaka 2013 Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya magharibi mwa Kenya kwa watu waliokuwa tayari kwenye merigoraundi, lengo likiwa kuweka akiba ya mambo ya afya kama kununua chandarua. Baadhi walipewa kisanduku cha kawaida chenye kufuli, ufunguo wakae nao wenyewe. Wengine walipewa kisanduku kilekile, ila ufunguo ukakaa kwa mtu wa mradi mpaka wafikishe kiasi walichojiwekea. Kundi jingine lilichanga kwenye chungu cha afya ndani ya kikundi chao chenyewe.

Kisanduku chepesi, kile ambacho mwenyewe angeweza kukifungua usiku wowote, kiliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Kwa hiyo tusikitukane kibubu kupita kiasi; kuitenga pesa na kuipa kazi yake tayari ni jambo kubwa. Lakini kile cha ufunguo kukaa mbali, ambacho wengi wetu tungekiwekea dau, hakikukishinda chepesi, maana watu walisita kuingiza pesa ambayo wasingeweza kuitoa siku ya dharura. Chungu cha kikundi kikatoa matokeo makubwa sana. Kufuli halikuwashinda watu waliokaa pamoja wakachanga.

Na wala si riba. Huko Chile, Felipe Kast, Stephan Meier na Dina Pomeranz waliwapa wafanyabiashara wadogo akaunti za akiba, wakawagawa. Baadhi waliongezewa riba kubwa, kutoka asilimia 0.3 hadi asilimia 5. Wengine hawakuongezewa kitu, ila walijiunga na kikundi ambamo kila mmoja alitangaza lengo lake na wenzake wakafuatilia kama ameweka. Riba haikuwagusa wengi wao. Kikundi kikaongeza mara za kuweka pesa hadi mara tatu na nusu, na salio la wastani likakaribia kuwa maradufu. Katika jaribio la pili hawakukutana hata kidogo. Walitumiwa tu meseji za simu za kuwaeleza wamefikia wapi na wenzao wamefikia wapi, na matokeo yakakaribiana na yale ya vikao. Ukizisoma meseji hizo utaona ni kazi ya kijumbe kabisa.

Kijumbe sasa. Vitabu vingi vya uongozi vinazungumzia wakurugenzi, na mimi naona vinapoteza muda. Nenda sokoni siku moja kabla ya makusanyo, asubuhi, wakati watu bado wanapanga bidhaa. Anapita na daftari lake la jalada gumu, majina kushoto, tarehe juu, alama za vema katikati. Anasimama kwa muuza nyanya: "Shoga, kesho ya mwenzio wa mchele. Fundi wake wa mabati anakuja Jumamosi." Anaendelea na safari. Hakusema "unadaiwa". Hakusema "kumbuka kunilipa". Ametaja nani anasubiri, anasubiri lini, na anasubiria nini. Muuza nyanya sasa hana deni la shilingi 50,000 tu, ana bati za mtu anayemwona kila siku kwenye meza ya tatu kutoka kwake.

Tazama pia saa aliyoichagua. Amekumbusha siku moja kabla, pesa ikiwa bado inaweza kutafutwa. Kukumbusha siku yenyewe jioni ni kudai, na anayedaiwa hutafuta visingizio badala ya kutafuta pesa. Aliyechelewa atafuatwa pembeni, si mbele za watu. Kijumbe mzoefu hujazia pengo kwa pesa yake ili zamu isivunjike, kisha anamfuata mhusika kimyakimya, kwa sababu anajua zamu moja ikivunjika, wale ambao bado hawajapokea wataanza kujiuliza. Lakini kupokea kunafanywa hadharani: pesa zinahesabiwa mbele ya wote, au picha ya muamala inawekwa kwenye kundi la WhatsApp na watu wanajibu "imeingia, hongera". Lawama faraghani, malipo hadharani. Na anayejiunga kwa mara ya kwanza hupangiwa namba za mwisho, bila maelezo marefu. Atapokea mapema awamu ijayo, wakishamjua.

Hapa kuna jambo linalochanganya watu kila Januari. Kama siri ni kuwaambia wengine, mbona wanaotangaza malengo yao kwenye mitandao ("mwaka huu namaliza mitihani ya uhasibu ya CPA", "napunguza kilo 15") wengi huishia njiani? Peter Gollwitzer na wenzake walichapisha mwaka 2009 majaribio kuhusu hilo, baadhi wakiyafanya kwa wanafunzi wa sheria. Waliotamka nia yao ya kujituma na nia hiyo ikasomwa na mtu mwingine, walipopewa nafasi ya kufanya kazi yenyewe walijituma kidogo kuliko wale ambao nia yao haikusomwa na yeyote. Maelezo yao: mtu akishatambuliwa na wengine kama mwanasheria mtarajiwa, moyo unapata sehemu ya malipo kabla ya kazi. Zile "hongera kamanda" mia mbili ni pesa ya mchezo uliyoipokea namba ya kwanza, tena bila kijumbe wa kukufuata wiki ya pili.

Wanaopongeza hawapotezi kitu usipofanya. Wa mchele anapoteza bati zake. Tofauti hiyo ndiyo inayobeba uzito wote, na ndiyo inayoweza kuhamishwa kwenye malengo yasiyo ya pesa. Wanaojisomea mitihani ya bodi ya wahasibu baada ya kazi wanaweza kukubaliana "tusome pamoja", na wakaishia kunywa chai pamoja. Wakigawana sura, wewe sura ya kodi, mimi ya ukaguzi, na Jumamosi saa nne kila mmoja amfundishe mwenzake sura yake, basi usiposoma kuna mtu ataingia kwenye mtihani bila kodi. Wa mazoezi ya asubuhi akae na ufunguo wa geti la mwenzake. Kiasi kijulikane, siku ijulikane, na awepo mtu mwenye jina ambaye mambo yake yatasimama. Kikikosekana kimoja, hasa hicho cha mwisho, umerudi kwenye kibubu.

Mazungumzo nayo yana nafasi yake, na tabia inayookoa michezo mingi ni ya kusema mapema. Anayeona Jumatano kwamba Ijumaa haitawezekana, akamwambia kijumbe Jumatano, mara nyingi atabadilishiwa zamu au atafidiwa bila mtu kujua. Anayezima simu Ijumaa amepoteza jina, hata kama kiasi ni kilekile. Watu wazima wengi, wenye vyeo, wanashindwa hapo tu. Wanaona aibu kusema "sitaweza", wanachagua kupotea.

Upande mchungu haufichiki. Vijumbe hutoroka, na waliopokea mwanzoni hutoroka zaidi. Vikundi vya mtandaoni vya watu wasiofahamiana, ambapo mtu unamjua kwa picha ya wasifu tu, vina sura ya mchezo bila kitu kinachoushikilia. Ndiyo maana vikundi vya akiba na mikopo vya aina ya VICOBA, ambavyo asili ya mfumo wake ni vikundi vya wanawake nchini Niger vilivyoanza mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, vinatumia sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, na Tanzania sasa vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Ila hatari ninayoiona zaidi ni ya yule mwaminifu kupita uwezo wake. Kwa sababu mchezo una nguvu ya kumlazimisha mtu, unaweza kumlazimisha vibaya: anakopa mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonya, ili Ijumaa asiaibike, analipa zamu ya elfu hamsini kwa deni litakalomla laki. Nidhamu inaonekana ni kamilifu kwenye daftari, huku nyumbani kumeungua. Ukimwomba kijumbe anayejua kazi yake majina mawili, yaani nafasi mbili kwenye mchezo, kwa mpigo, atakutazama, atatazama meza yako ya biashara, kisha ataandika moja. "Cheza hili kwanza, la pili tutaliona awamu ijayo."