Fungua kiti kwanza, bei baadaye

Juzi mama mmoja alishuka kwenye bajaji hapa kwetu Keko, Dar es Salaam, kiti cha kulia chakula amekipakata. Kiti cha mninga, cha zamani, egemeo limechongwa kwa mkono. Akakiweka chini, akakitikisa, miguu ikacheza.

"Dada fundi, kinayumba tu hiki. Shilingi ngapi?"

"Shikamoo mama. Niachie nikifungue kwanza, jioni nitakupigia nikwambie bei."

"Ukifungue? Si upige msumari tu?"

Nikakigeuza, nikamwonyesha chini yake. Palikuwa na misumari saba, ya mafundi tofauti na ya miaka tofauti, na kila mmoja ulipigwa ili kutibu kosa la uliotangulia.

Nimekuwa nikitengeneza samani za mtumba kwa miaka kumi na moja, na kama kuna jambo moja ningependa kila anayeanza kazi hii alishike, ni hilo la kufungua. Kiti kilichotengenezwa na seremala anayejua kazi hakikushikwa na misumari. Ncha ya ubao mmoja imechongwa ikawa ulimi, ubao wa pili ukatobolewa tundu la kipimo kilekile, gundi ikapakwa, vikaingiana. Kiti kinapoyumba, mara nyingi mbao ni nzima kabisa. Kilichochoka ni gundi. Ukipiga msumari pale, unapasua ulimi, na ulimi ndio uliokuwa unabeba mtu. Halafu sisi tuko pwani. Mbao inavuta unyevu wakati wa masika, inavimba, ikija kipupwe inasinyaa, lakini msumari haubadiliki nayo, kwa hiyo tundu lake linapanuka mwaka hadi mwaka. Chumvi ya hewa ya bahari inaushika kutu, na kutu ikikutana na mbao inaacha doa jeusi ambalo mara nyingi msasa hauliondoi.

Kwa hiyo nafungua. Kila kipande nakiandika namba kwa chaki kabla sijakigusa, maana miguu minne inayofanana haifanani hata kidogo ukija kuirudisha. Misumari naitoa kwa koleo na subira, na ule uliokatika kichwa nauchimbia pembeni kwa patasi nyembamba. Kisha naangalia gundi. Samani za zamani, hasa zile za mafundi wa Kihindi wa mjini, nyingi ziliunganishwa kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Hiyo ni rafiki: maji ya moto yakiingizwa kwenye kiungo kwa bomba la sindano, taratibu, inalainika na kiungo kinaachia kwa nyundo ya mpira. Gundi nyeupe ya siku hizi ni ngumu zaidi kuachia, na ina tabia moja ambayo mafundi wengi wanaisahau: gundi mpya haishiki juu ya gundi kavu ya zamani. Lazima uikwangue yote mpaka uione mbao yenyewe. Hapo ndipo muda unapokwenda. Kukwangua viungo kumi na viwili vya kiti kimoja kunaweza kula siku nzima, na mtu akipita barabarani atadhani sijafanya kitu.

Ulimi uliopungua naunenepesha kwa kipande chembamba cha mbao ya aina ileile, nyuzi zikielekea upande uleule. Sijazi unga wa mbao na gundi kwenye pengo; uji ule ukikauka unameguka. Kubana natumia klampu, na pale ambapo klampu haishiki, kwenye miguu iliyopinda, nafunga utepe wa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Unavuta sawasawa pande zote na hauachi alama. Halafu kiti kinakaa hadi kesho yake, hakiguswi.

Watu huniuliza vitu hivi navipata wapi. Vingine kwa familia zinazohama Oysterbay, Masaki na Upanga, vingine minadani kwa madalali, vingine kwa mtu wa guta aliyeokota kabati kando ya nyumba inayobomolewa. Ninachotazama ni mbao. Kichwa cha ubao ndicho kisichodanganya: mistari ya juu ikiendelea mpaka kwenye kichwa, hiyo ni mbao nzima, ikikatika pembeni na chini yake ukaona unga ulioshinikizwa, hiyo ni mbao ya kiwandani iliyobandikwa ngozi nyembamba, na ikishaingia maji ikavimba hairudi. Vuta droo, angalia pembe zake. Meno yanayoshikanisha mbao zake yakipishana kidogo ukubwa, jua kuna mtu aliyakata kwa mkono. Mninga naupenda kuliko mbao zote kwa sababu unacheza kidogo sana hewa inapobadilika, na rangi yake ya hudhurungi yenye michirizi myeusi inafufuka mara tu msasa unapopita. Mkongo ni mgumu na mzito. Mvule unavumilia wadudu. Mtiki siku hizi upo mwingi, wa kupandwa. Miti kama mninga inachukua miongo mingi msituni kufikia unene wa kupasuliwa mbao, na ndiyo maana leo ukinunua mbao yake mpya unatakiwa uwe na nyaraka za Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mimi kila kabati la mninga ninaloliokoa naliona ni mti ambao hautakatwa kwa ajili yangu. Hilo nalisema kutoka moyoni.

Kitu kimoja nakikataa hata kikiwa bure: chenye matundu madogo ya duara na unga laini mpya chini yake. Unga ule ukifutwa jioni na asubuhi ukawepo tena, wadudu bado wanakula ndani. Usikiingize karakana, vitaambukizwa vingine.

Sasa rangi. Kabla ya kukwangua, jua nini kimepakwa. Chovya pamba kwenye spiriti, igusishe mahali pasipoonekana. Ikinata na kuyeyuka, hiyo ni sheleki, vanishi ya zamani ya spiriti, na pengine haihitaji kukwanguliwa kabisa, unaweza kuilainisha na kuitandaza upya. Kama spiriti haikufanya kitu lakini thina imeyeyusha, ni vanishi ya kupulizwa. Vyote viwili vikishindwa, ni vanishi ya mafuta au ya plastiki, andaa msasa. Rangi nzito ya mafuta ya miaka mingi usiipige msasa mkavu, kwa sababu rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Lowesha, vaa barakoa, kusanya mabaki. Na matambara yenye mafuta ya linsidi usiyarundike pembeni. Mafuta yale yanapokauka yanatoa joto, na rundo la matambara linaweza kujiwasha lenyewe. Katika karakana iliyojaa maranda huhitaji kuelezwa zaidi. Mimi nayatandaza nje juani mpaka yakakamae.

Masika ndiyo yaliyonifundisha biashara. Ukipuliza vanishi hewa ikiwa na unyevu mwingi, thina inaruka haraka, inapoza uso wa mbao, na unyevu wa hewa unatua juu yake na kunaswa ndani. Matokeo ni ukungu mweupe, kama maziwa yamemwagwa. Mwaka wangu wa pili niliharibu meza ya watu wanane hivyo, mwezi wa nne, mteja anaisubiri kwa ajili ya harusi. Niliikwangua yote na kuanza upya kwa gharama yangu. Tangu hapo, kati ya Machi na Mei nafanya viungo, nafunga, nasubiri, na kupuliza ni kwa siku zile za jua tu, saa nne hadi saa tisa. Mteja namweleza mapema.

Lakini miezi mitatu ya kusubiri jua ni miezi mitatu ya kodi ya karakana. Hapo ndipo vitu vidogo vilipozaliwa. Nilikuwa na gunia la mabaki ya mninga na mkongo, vipande vya mguu, vya egemeo, vizuri mno kuchomwa. Nikatengeneza mbuzi ya nazi, ile ya kukunja, kwa kipimo cha ile aliyokuwa nayo bibi yangu, chuma chake nikachongesha kwa mafundi wa eneo la Gerezani. Niliweka picha yake mtandaoni mchana wa Jumamosi. Kufika Jumatatu nilikuwa na maombi tisa, mengi ya wadada wanaoishi kwenye fleti, wana mashine ya kusaga na bado wanataka nazi iliyokunwa. Baadaye vikaja vibao vya kukatia, vigoda, na viti vidogo vilivyotandikwa ukili unaosukwa na mama mmoja wa Mbagala. Vitu vya chakula sivipaki vanishi. Navisugua kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa pamoja na mafuta ya parafini ya famasi. Mafuta ya alizeti yananata, usijaribu. Hata maranda sasa wanayachukua wafugaji wa kuku.

Kwenye hesabu nitasema wazi, kwa sababu nilipoanza hakuna aliyeniambia. Viti sita vya kwanza nilinunua kwa shilingi 180,000. Guta 25,000. Msasa, gundi na vanishi 60,000. Sponji na kitambaa 90,000. Jumla 355,000. Nikaviuza 420,000, nikafurahi, nikamnunulia mama kanga. Baada ya wiki nikakumbuka kwamba nilivifanyia kazi siku tisa. Faida ya 65,000 kwa siku tisa haifiki 7,500 kwa siku, na kodi sijaihesabu. Sasa siku yangu ina bei, naiandika kwenye daftari kama ninavyoandika gundi: 30,000. Viti vilevile leo vingeanzia 625,000 kabla sijaweka kodi ya karakana. Wapo wanaogeuka na kuondoka. Wanaobaki wanatosha.

Na ndiyo sababu sitaji bei kabla ya kufungua. Fundi anayetaja bei kwa kutazama tu, akikuta ulimi umevunjika ndani, ana njia mbili, kula hasara au kuficha kwa msumari. Anayeteseka kwa ile ya pili ni mtu atakayekalia kile kiti. Kwa hiyo nafungua kwa ada ndogo, napiga picha za ndani, namtumia mteja WhatsApp, tunakubaliana kwa maandishi, ananipa nusu. Picha hizohizo, za uchafu wote, ndizo zinazoniletea wateja kuliko za kiti kilichomalizika. Watu wanataka kuona ulimi mpya ukiingia kwenye tundu.

Makaratasi sitayaongelea sana. Namba ya mlipakodi ya Mamlaka ya Mapato, TRA, jina la biashara, ambalo unasajili kwa mtandao kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, na leseni ya manispaa. Niliyapata taratibu, na hoteli ya kwanza kuniagiza vigoda ishirini iliuliza vyote vitatu kabla ya kuuliza bei.

Yule mama nilimpigia jioni. Ndimi mbili zimepasuka, nikamtajia siku mbili na nusu za kazi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kiti kile ni kimoja kati ya sita, baba yake alivinunua kabla yeye hajazaliwa, na vingine vitano viko stoo kwa sababu vilianza kuyumba. Jana kirikuu kimevileta vyote. Nimeshahesabu misumari ya vitatu, na kimoja hakina hata mmoja. Hicho nitakifungua mwisho, ndicho nitakachopimia wenzake.