Gogogo kibete wa Ziwa Tanganyika ni samaki gani, na kumfuga nyumbani inakuwaje

Ukisikia mfugaji wa samaki wa mapambo anasema ana "petrikola kibete" kwenye tanki lake, mara nyingi anamaanisha gogogo mdogo wa Ziwa Tanganyika, jina la kitaalamu Synodontis lucipinnis. Ni ukoo uleule wa gogogo wanaovuliwa Ziwa Victoria, wale wenye miiba mikali, ila huyu hakui, akijitahidi sana anafika kama sentimita 8 mpaka 10 basi. Mwili kahawia yenye madoa meusi kila mahali, mapezi meusi yenye kingo nyeupe pee, na sharubu jozi tatu ambazo hazitulii, kila saa zinapapasa mchanga. Kwa kweli ni samaki mzuri mno na huku kwetu ni wachache wanaomjua, watu wanaijua Kigoma kwa dagaa na migebuka tu.

Jina lenyewe limewachanganya watu muda mrefu. Kuna Synodontis petricola aliyetambuliwa 1959 na Matthes, na kwa miaka mingi huyu mdogo alikuwa anauzwa kwa jina hilohilo, mpaka mwaka 2006 wataalamu wawili, Wright na Page, walipowapitia upya gogogo wa Tanganyika na kumpa huyu jina lake. Kuwatofautisha angalia pale pezi linapoanzia mwilini: lucipinnis ana kidirisha cheupe chini ya ule weusi wa pezi, petrikola mwenyewe weusi unashuka hadi shinani, tena yeye ni mkubwa kidogo. Na kuna shida nyingine, kwenye mashamba ya kuzalishia samaki huko nje wanachanganya mbegu za gogogo tofauti halafu wanawauza kwa majina ya kuvutia, kwa hiyo ukiona gogogo mwenye madoa ya ajabu na bei rahisi muulize muuzaji katoka wapi, akishindwa kujibu achana naye.

Yule ambaye usimchanganye naye kabisa ni Synodontis multipunctatus. Naye ana madoa na anatoka ziwa hilohilo, lakini macho yake ni makubwa mno na anakua kupita huyu wetu. Tabia yake ndiyo kiboko. Siklidi (samaki wa jamii ya perege) wengi wa Tanganyika wanalelea mayai mdomoni, jike anataga, anageuka haraka kuyaokota, sasa pale pale gogogo huyu dume na jike wanajipenyeza katikati, wanakula baadhi ya mayai na kuacha ya kwao, mama wa watu kwa haraka ile anaokota yote anayafungia mdomoni. Mayai ya gogogo yanaanguliwa mapema, na vifaranga wake wanaanza kuwala watoto halali wa yule mama humohumo mdomoni, mwisho mama anatema gogogo watupu. Mtafiti wa Kijapani Tetsu Sato ndiye aliyeliandika hili kwenye jarida la Nature mwaka 1986. Kwa hiyo kama unafuga siklidi wa kulelea mdomoni na unategemea wakuzalie, ukichukua multipunctatus ukidhani ni kibete utashangaa vifaranga wako wameenda wapi. Lucipinnis hana mambo hayo, yeye anataga mayai yake mwenyewe kwenye mianya ya mawe na kuyaacha.

Sasa kumfuga. La kwanza naomba lieleweke vizuri, gogogo sio mfagizi wa tanki. Watu wanaona samaki wa chini mwenye sharubu wanafikiri atakula mabaki na mavi ya wenzake, wanamtupia humo hawampi chakula, anakonda hadi tumbo linabonyea ndani. Huyu ni mla wadudu na konokono wadogo, anataka chakula chake kinachozama, vidonge vya samaki wa chini, viluwiluwi vya mbu, uduvi waliogandishwa. Mpe jioni ukishazima taa maana ndipo anapochangamka, ukimpa mchana siklidi wanamaliza kila kitu juu huko.

La pili ni maji, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita kama 1,470 na maji yake ni magumu, yaani yana madini mengi, yana pH (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) ya kama 8.6 mpaka 9, joto la maji ya juu ni nyuzi 25 hadi 27, na maji mengi namna hiyo hayabadiliki kiholela, kwa hiyo samaki wake hawajazoea mabadiliko ya ghafla. Ukiwa na maji ya kisima kama yale ya sehemu nyingi za Dar, ambayo sabuni haitoi povu na birika linaota ukoko mweupe, hapo umeshapata ahueni, ila pima kwanza kwa sababu visima vingine vina chumvi kabisa na hayo usitumie. Ukiwa Nairobi maji ya bomba yanayotoka upande wa Aberdare ni laini, itabidi uyapandishe, njia nyepesi ni kuweka mawe ya chokaa au kokoto za matumbawe makavu zilizooshwa vizuri ndani ya filta, yanayeyuka polepole na kushikilia pH. Usiweke magogo ya miti kwa urembo, yanashusha pH. Na magadi ya sokoni usiyaguse, huwezi kujua yana nini ndani, kama unataka kuongeza kitu tumia soda safi ya kuokea, kidogo kidogo, na uchanganye kwenye ndoo kabla maji hayajaingia kwenye tanki.

Halafu kuna jambo ambalo haliambiwi wanaoanza. Uchafu wa samaki unatoa amonia, na amonia kwenye maji yenye pH ya chini sehemu kubwa inakaa katika hali isiyo na madhara makubwa, lakini pH ikipanda kama hii ya Tanganyika sehemu kubwa zaidi inageuka kuwa ile yenye sumu. Maana yake kosa dogo ambalo kwenye tanki la samaki wa maji laini lingepita tu, hapa linaua. Ndiyo maana filta lazima ifanye kazi wiki kadhaa kabla hujaleta samaki, bakteria wazuri wajae, upime amonia iwe sifuri, na baada ya hapo kila wiki ubadilishe robo ya maji, maji mapya yakiwa yametolewa klorini na joto linalolingana. Bila hivyo usinunue samaki bado, tafadhali.

Tanki lenyewe lita 100 kwenda juu linatosha, liwe refu kuliko kwenda juu, mchanga laini chini, mawe yaliyopangwa imara yenye mapango mengi. Weka watano au sita pamoja, akiwa peke yake anajificha siku nzima humuoni, wakiwa kundi wanatoka hata mchana wanazunguka. Hana magamba, kwa hiyo dawa za magonjwa hasa zenye shaba zinamuumiza haraka, uliza kipimo kabla. Na ukitaka kumhamisha usitumie wavu: akishtuka anasimamisha miiba ya mgongoni na ya ubavuni na kuifunga ngangari, miiba ina meno, inanasa kwenye nyuzi na utamchana ukilazimisha, unaweza hata kumsikia analalamika kwa kusaga mwiba kwenye kiungo chake. Msukumie kwenye bakuli au jagi la plastiki, anatoka mzima.

Akikaa vizuri anaweza kuishi miaka zaidi ya 10, na kundi lililokomaa linataga. Chukua chungu kidogo cha udongo, kijaze gololi, kilaze kwenye kona yenye giza. Wanaingia humo, mayai yanadondoka katikati ya gololi ambako wazazi hawafiki, maana wakiyapata wanayala. Mayai yatoe kwenye chombo cha pembeni chenye hewa, yanaanguliwa kwa takriban siku mbili, na vifaranga wakishamaliza kiini chao uwape artemia (viduvi vidogo sana vya maji ya chumvi) waliototolewa siku hiyohiyo, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, huku ukifyonza mabaki.