Maji yamechukua dawa zangu: maswali kutoka kambini

Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang lilifukia sehemu za mji wa Katesh. Aprili 2024 ikawa zamu ya Rufiji na Kibiti kuzama. Blanketi na unga hufika. Dawa za kila siku ndizo zinazosahaulika, na hilo linaniumiza.

ARV zangu zimesombwa, kadi pia. Nisubiri hali itulie?
Usisubiri hata siku moja. Nenda kituo chochote chenye CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, taja ulikokuwa ukichukulia dawa. Kadi si sharti la kuhudumiwa. Wa TB na wa presha nao wasikae kimya.

Natumia insulini na hapa hakuna friji.
Iweke kwenye mtungi wa udongo uliolowa, kivulini, ndani ya mfuko usiopitisha maji. Utafiti uliofanywa kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, ulionyesha kuwa insulini hudumu wiki 4 kwenye joto la kati ya nyuzi 25 na 37. Kwa hiyo usiitupe, na usiruke dozi kwa hofu kwamba imeharibika. Chakula kikichelewa, mwambie mhudumu kabla ya kujichoma sindano.

Mtoto anaharisha, ORS imeisha.
Lita 1 ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Mnyweshe kidogo kidogo, na anayenyonya aendelee kunyonya. Macho yakibonyea au akishindwa kunywa, mkimbize kituo cha afya.

Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji bondeni. Nijiandae vipi kabla ya masika?
Anza na daftari. Mama fulani mimba ina miezi mingapi? Babu yupi habebeki bila watu wawili? Nani kiziwi, asiyesikia tangazo la kipaza sauti cha msikitini? Huyo mpe jirani wa kumgonga begani usiku. Magonjwa ya watu usiyaandike humo, ni siri yao. Waambie tu kila mmoja afunge kadi ya kliniki na dawa za wiki mbili kwenye nailoni, aitundike karibu na mlango.

Mkishahamia shuleni, hesabuni choo 1 kwa watu 20, cha wanawake kiwe na komeo kwa ndani na taa njiani. Binti akibakwa, afikishwe kituo cha afya ndani ya saa 72 apate dawa za kuzuia VVU. Asiulizwe PF3, ile fomu ya polisi, kwanza.