IST yako inameza gramu ngapi za hewa?

Karibu kila mwezi anaingia gerejini kijana mwenye IST au Vitz, begani ana mfuko wa vifaa vilivyonunuliwa mtandaoni. "Fundi, nikifunga hivi farasi zitaongezeka ngapi?" Namwomba aweke mfuko chini, kisha naanza kumweleza habari ya hewa. Injini isiyo na turbo, yaani feni ya kuisukumia hewa, haina wa kuisaidia: pistoni ikishuka, ni uzito wa hewa ya nje tu unaoijaza silinda. Kuongeza petroli ni kazi ndogo. Kuongeza hewa ndiyo kazi yenyewe.

Tuchukue 1NZ-FE, injini iliyo kwenye IST na Probox nyingi za 1.5. Ina ujazo wa cc 1,497, kompresheni (kiasi silinda inavyoibana hewa) ya 10.5 kwa 1, farasi 109 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 141 kwenye mizunguko 4,200. Krenki, shafti inayozungushwa na pistoni, ikizunguka mara mbili, silinda zote nne zimevuta lita moja na nusu. Kwenye mizunguko 6,000 hiyo ni lita 75 kwa sekunde, kama silinda zingejaa kabisa. Hazijai, kwa hiyo ukiwa Dar, mafuta umeyakanyaga hadi mwisho, sensa ya hewa inatakiwa isome gramu 80 hivi kwa sekunde. Gari hilohilo likifika Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa imekuwa nyepesi kwa takriban asilimia 15 na gramu zimeshuka hadi 68. Dereva wa Dar akimaliza kupanda mlima wa Kitonga njiani hudhani gari limeugua. Halina ugonjwa, limekosa hewa tu.

Namba hiyo ya gramu ndiyo naipenda kuliko maneno yote yaliyoandikwa kwenye maboksi ya vifaa. Skana ya kawaida, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, inaisoma. Iandike kabla ya kufunga chochote, pamoja na joto la siku hiyo na mahali ulipo, halafu ipime tena baada ya kufunga.

Mara nyingi namba ya kwanza yenyewe iko chini. Hapo hatuongezi kitu, tunarudisha kilichopotea: eya klina iliyojaa vumbi, throto yenye masizi, masega ya ekzosi (yale ya kusafisha moshi) yaliyoziba, plagi zilizokwisha. Usisahau kichujio kidogo cha wavu kwenye vali ya oili ya VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa vali kufunguka. Kikiziba kwa oili chafu, kamshafti ya kuingiza hewa, shafti inayofungua vali, haisogei kwa wakati wake na gari linakuwa zito. Nimeona watu wakisifia ekzosi mpya kumbe kilicholiamsha gari ni huduma iliyofanyika siku ileile.

Sasa filta ya koni. Ikikaa wazi chini ya boneti, nyuma ya rejeta, inavuta hewa iliyokwisha kuchemka. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kwa asilimia 9 kuliko ya nyuzi 30, kwa hiyo unapata mngurumo mzuri na gramu chache. Kama unaitaka, ijengee boksi linaloizuia na joto na uilete hewa kutoka mbele ya gari. Boksi la kiwandani la Toyota tayari linafanya hivyo, na kwa gari la kila siku mimi huliacha.

Ekzosi inahitaji akili zaidi. Moshi hautoki kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo, na pigo la silinda moja likipangwa vizuri linasaidia kuvuta moshi wa silinda inayofuata. Manifoldi, yaani mabomba ya ekzosi yanayotoka kwenye injini, inayounganisha mabomba manne kuwa mawili, kisha moja, husaidia mizunguko ya kati, ambako ndiko tunakoendeshea mjini. Ile inayounganisha yote manne kwa mara moja hulenga mizunguko ya juu. Bomba nene kupita kiasi hupunguza kasi ya moshi, na gari linakufa kwenye mizunguko ya chini.

Lakini farasi nyingi kweli ziko wapi? Chukua torki kwa Nm, zidisha kwa mizunguko, gawanya kwa 9,549, unapata kilowati; kila kilowati ni farasi 1.36. Sasa linganisha. Honda S2000 ya lita 2.0 ya soko la Japani ina farasi 250 kwenye mizunguko 8,300, na torki ya Nm 218, yaani Nm 109 kwa kila lita. IST ina Nm 94 kwa lita. Pengo la torki ni dogo, lakini S2000 inaishikilia torki yake hadi kwenye mizunguko ambayo 1NZ haijawahi kufika. Kwenye mizunguko 6,000 IST imebaki na Nm 127. Ukiweza kuzishikilia hizo hadi 7,000 tu, una farasi 127. Hapo ndipo pesa inapoishia: kamshafti zinazofungua vali kwa muda mrefu zaidi, springi ngumu za vali, kichwa kilichochongwa njia zake, na kompyuta ya injini iliyopangwa upya. Malipo yake ni injini inayotetemeka ukiwa hujakanyaga mafuta na gari lisilo na hamu chini ya mizunguko 3,000. Kwa mtu wa foleni za Ubungo sishauri, na huwa nasema hivyo waziwazi hata kama kazi itanipita.

Kompresheni ukiipandisha kutoka 10.5 hadi 11.5 nguvu inaongezeka asilimia 2 au 3, na hapo ndipo Mbeya inapolipa deni lake. Silinda ambayo haijai vizuri ina shinikizo dogo, kwa hiyo inavumilia kompresheni na taimingi (wakati wa plagi kuwasha) ambazo pwani zingeifanya injini igonge, yaani petroli ilipuke ovyo ndani ya silinda. Hatari ni pale gari linaposhuka. Wateja wangu wa nyanda za juu wanajua kwamba taimingi simalizii hukohuko. Nawaachia taimingi nyuzi kadhaa nyuma, waje nalo Dar mchana wa Februari, tanki lina petroli ya kawaida, nisikilize kama linagonga ndipo nifunge kazi.