Mlimani au UDOM? Kwanza Niambie Utalala Wapi

Kila TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wanapotoa majina ya waliochaguliwa chuo zaidi ya kimoja, ambao lazima wathibitishe kimoja tu, simu yangu haipoi: Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), au UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma? Na kila mzazi anakuja na sentensi ileile, kama waliokaririshwa darasa moja: "Mwalimu, Dar kuna koneksheni. Dodoma ni kijijini, lakini atatulia asome." Mwaka huu nimeisikia mpaka imenikifu. Naandika hapa, na atakayepiga tena nitamtumia linki.

La koneksheni nalimaliza haraka. Fildi (mafunzo kwa vitendo) inafanyika likizo ndefu, na wa UDOM anaweza kuomba nafasi Dar kama wa Mlimani anavyoomba Mwanza. Wizara zenyewe ziko Mtumba, Dodoma. Kama unasomea utawala wa umma na bado unaniambia koneksheni ziko Posta, Dar, umelala tangu 2016. Nakubali moja tu: anayesomea uandishi wa habari au kompyuta, na anataka vibarua katikati ya semesta, Dar inamfaa zaidi. Tuendelee.

Linalonichosha ni hilo la "mazingira". Watu wakisema mazingira ya chuo wanamaanisha mji. Sasa mwanafunzi anaishi mjini lini? Anaishi kati ya kitanda chake, darasa lake na mahali anapokula. Pale Mlimani, ambako chuo kilihamia 1964 kutoka Mtaa wa Lumumba, kuna miti mikubwa na tumbili wanaochungulia madirishani. Aliyepata chumba Hall (mabweni ya ndani ya chuo), au Hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017 na kuchukua wanafunzi 3,840, anaweza kumaliza wiki hajaiona foleni ya Dar hata kwa mbali. Mwenzake aliyekosa chumba anasoma programu hiyohiyo, lakini mazingira yake ni Changanyikeni, Makongo au Ubungo, kwa mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita mkononi kabla boom (hela ya mkopo) halijaingia.

Halafu kuna "atakaa kwa shangazi yake". Jamani!

Shangazi anakaa Chanika. Kipindi ni saa moja asubuhi. Binti anatoka saa kumi alfajiri, anaunganisha daladala, anafika jasho limeshamkaukia mgongoni. Vipindi vinaisha saa kumi jioni, ila diskasheni ya kundi lake ni saa moja usiku pale Yombo, kwenye kumbi za mihadhara za Mlimani, kwa sababu wenzake wote wanakaa ndani ya chuo. Saa hiyo yeye yuko njiani, mkono mmoja kashika bomba, mwingine kakumbatia begi. Akifika nyumbani vyombo vinamsubiri, maana kwa ndugu hukai bure, na anakolala ni sebuleni, kwa hiyo atalala TV ikizimwa. Wa Hall anapata madesa (notsi za wenzake), anapata mitihani ya nyuma, anapata wa kumuuliza saa sita usiku. Sapu (mitihani ya kurudia) zikija, mzazi anasema Dar imemharibu mtoto na anaanza kumtafuta mvulana wa kumlaumu. Mvulana mwenyewe ni daladala la Chanika.

Na mzazi huyohuyo ataniambia ameokoa hela. Posho ya chakula na malazi kwa wenye mkopo ni shilingi 10,000 kwa siku, uwe Dar au Dodoma. Toa nauli za kwenda na kurudi, toa chai ya chuoni na chakula cha mchana, uone kilichobaki.

UDOM je? Kilianza 2007, kikapangwa kuchukua wanafunzi 40,000 kwenye eneo la hekta 6,000 hivi, na mabweni yakajengwa sambamba na madarasa, ndaki (college) kwa ndaki. Ndiyo maana kugombea chumba huko si vita kama Mlimani. Ila hekta 6,000 ni nyingi: kutoka ndaki moja kwenda nyingine unapanda daladala au boda, na ukitembea utalijua vumbi. Baridi ya Juni mtoto wa Tanga hajawahi kuiota. Kuhusu huo utulivu wa kijijini, sijui nani aliueneza. Weka maelfu ya vijana wa miaka ishirini pamoja, bila shangazi hata mmoja karibu, halafu uniambie nani ametulia. Anayetafuta starehe ataifahamu Ng'ong'ona, mtaa jirani na chuo, kabla hajajua maktaba ilipo.

Na someni jina lote la chuo. DUCE iko Chang'ombe, jirani na Uwanja wa Mkapa. Mkwawa iko Iringa. Vyote ni vyuo vishiriki vya UDSM, na kila mwaka kuna aliyeshangilia "nimepata UDSM" akashukia Iringa na fulana moja.

Sasa lile ambalo kwenye semina zetu za ushauri huwa tunalipitia kimyakimya: vyumba hugawiwa baada ya kuthibitisha chuo. Kitu ninachokiita muhimu kuliko vyote, siku ya kubonyeza hukijui. Tena nina shaka kama mazingira yanambadilisha mtu kiasi tunachodai. Wanaonirudia ni waliodisko (walioondolewa chuo kwa kufeli) na waliong'ara. Wale wa katikati, ambao ndio wengi, hawapigi simu, na huenda popote wangefika palepale.

Kwa hiyo nauliza swali moja: ukikosa chumba Mlimani, utalala wapi? Ukinijibu kwa jina la mtaa na kodi yake, thibitisha Mlimani. Ukinijibu "tutaona", au ukamtaja shangazi, thibitisha Dodoma. Programu zikiwa tofauti, futa yote niliyoandika, fuata programu. Na ile namba ya siri ya kuthibitishia inakuja kwenye simu uliyojaza wakati wa kuomba. Kama ulijaza ya mjomba, mtafute leo, kabla hajabadilisha laini.