Je, wajua kwa nini kompyuta yenye kori nne huweza kuona moja tu?

Unapobonyeza kitufe cha kuwasha, prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu za kompyuta, haiamki yote kwa pamoja. Kwenye prosesa za Intel na AMD zilizomo katika laptop na kompyuta zetu za mezani, inaanza kori (kitengo cha kazi ndani ya prosesa) moja peke yake. Hiyo ndiyo inayoendesha BIOS, programu ndogo ya kuamshia kompyuta, inayokagua kumbukumbu, inayotafuta diski na kuanza kupakia Windows au Linux. Kori nyingine zote zimesimama zikisubiri kuitwa.

Kuitwa huko kunategemea orodha. BIOS huandaa jedwali linalozitaja kori pamoja na namba zake za utambulisho. Mfumo endeshi husoma jedwali hilo, kisha hutuma ishara ya kuamsha kila mojawapo. Kori isiyotajwa haiamshwi, na hata iliyotajwa hubaki imelala ikiwa mfumo umeagizwa usiiguse. Ndiyo maana kompyuta inaweza kupoteza robo tatu ya nguvu zake bila kutoa onyo lolote: kwa upande wake hakuna kilichoharibika.

Kabla ya kutafuta kori zilizopotea, hakikisha kwanza kwamba zilikuwepo. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji, chagua CPU. Wengi wanaona grafu moja wanashtuka, kumbe Windows huonyesha grafu moja ya jumla. Soma maandishi ya chini yake: idadi ya kori imeandikwa pale, na kando yake idadi ya prosesa za kimantiki, ambayo mara nyingi ni maradufu kwa sababu kori moja inaweza kubeba kazi mbili kwa wakati mmoja. Mwenye HP EliteBook 840 G3 yenye Core i5-6300U ataona kori 2 na prosesa za kimantiki 4, na hivyo ndivyo ilivyotoka kiwandani. Hata i7-6600U ya kizazi hichohicho ina kori 2 tu. Muuzaji wa mitumba akikuambia "i7 ni kori nne," mwombe jina kamili la prosesa, kwa sababu namba inayofuata baada ya i7 ndiyo inayotambulisha ni prosesa ipi hasa, na hivyo ina kori ngapi.

Kuhesabu kori kumewahi kufika mahakamani. AMD ilipotoa prosesa zake za FX mwaka 2011, ilizitangaza za juu kuwa na kori 8. Ndani yake kori zilipangwa mbilimbili, na kila jozi ilishirikiana baadhi ya viungo, kikiwemo kile cha kukokotoa namba za desimali. Windows 10 ikikutana na FX-8350 huandika kori 4 na prosesa za kimantiki 8. Wanunuzi walifungua kesi Marekani mwaka 2015, na mwaka 2019 AMD ikakubali kulipa dola milioni 12.1 kuimaliza. Kwa hiyo mwenye FX anayeona 4 asihangaike na ubao mama wake, yaani bodi kuu inayobeba prosesa. Hana kori iliyopotea.

Sasa, ikiwa prosesa yako ni ya kori 4 na Windows inasema 1, mshukiwa wangu wa kwanza ni msconfig, programu ya Windows ya kupanga namna kompyuta inavyowaka. Ndani yake, kwenye sehemu ya kuwasha na mipangilio yake ya ziada, kuna kisanduku kilichoandikwa "Number of processors". Mtandaoni umezagaa ushauri kwamba ukikitia tiki kompyuta itawaka haraka. Si kweli, na ushauri huu umewaumiza watu wengi. Kisanduku hicho hakiongezi kitu; kazi yake ni kuweka kikomo, kwa ajili ya wataalamu wanaojaribu programu. Kikiwa hakina tiki, Windows hutumia kori zote inazoziona. Ukikitia tiki bila kubadilisha namba, kinaanzia kwenye 1, na hiyo moja ndiyo utakayobaki nayo. Ondoa tiki, uzime na kuwasha upya. Kisanduku jirani, cha kikomo cha kumbukumbu, kiache vilevile bila tiki.

Inaniuma ninaposikia mtu ametozwa hela ya kupigiwa Windows upya, pengine na data zake zikapotea, kwa tatizo la tiki moja.

Kama msconfig iko safi, ingia BIOS. Ubao mama nyingi zina mpangilio wa kuchagua kori ngapi zifanye kazi, na huenda mmiliki wa awali alizipunguza ili kushusha joto. Kurudisha mipangilio ya kiwandani kwa kawaida huzirejesha zote.

Kisa kingine kinawakuta wanaonunua mashine kubwa za zamani zenye prosesa mbili za Xeon (prosesa za Intel za seva na mashine za kazi nzito), mfano HP Z820. Windows 10 na 11 za Home hutumia prosesa moja tu iliyochomekwa, hata kama ya pili ni nzima. Toleo la Pro hukubali mbili. Hapo nusu ya mashine inalala kwa sababu ya leseni. Kompyuta pepe, yaani ile inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, nayo ina kasoro inayofanana: ukiipa kori 8 zilizopangwa kama prosesa 8 tofauti, Windows Pro iliyomo ndani itaona 2.

Kwenye Linux andika lscpu, itakuonyesha kori zilizo kazini na zilizozimwa. Kisha soma faili la /proc/cmdline, lenye maagizo ambayo Linux ilipewa wakati wa kuwaka. Ukikuta humo maxcpus, nr_cpus, nosmp au acpi=off, umempata mhusika. Hiyo ya mwisho huwekwa na watu wanaohangaika na laptop inayogoma kuwaka, nayo huweza kuunyima mfumo lile jedwali la kori.

Na ikiwa umebadilisha prosesa kwenye ubao wa zamani, tazama toleo la BIOS yako kwa kuandika msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, ulilinganishe na lile linalotajwa kwa prosesa hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji wa ubao. BIOS iliyotoka kabla ya prosesa hiyo inaweza isiitambue ipasavyo mpaka isasishwe.